Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wanasoma hata ukurasa uliofunikwa: naomba ushauri

Mwalimu wa Temeke
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya serikali, nikiwa na watoto 118 katika chumba kimoja, na hadi juzi niliamini kwamba zaidi ya nusu yao wameshajua kusoma. Juzi hiyo mvulana mmoja alikuwa akinisomea "Baba analima shamba", kiganja changu kikafunika mstari kwa bahati mbaya, naye akaendelea hadi kwenye nukta bila kusita. Nikaandika ubaoni "Shamba la baba". Akasoma, kwa sauti ile ile ya kujiamini: "Baba analima shamba." Tangu hapo sina amani. Naomba mnisaidie mambo mawili: nitawapimaje wote hao mmoja mmoja bila kusimamisha vipindi, na je, nianze na majina ya herufi kama wazazi wanavyotaka, au na sauti zake?

Chaki Nyeupe
Mwanangu, pole na kazi. Nimestaafu, lakini darasa la kwanza halinitoki kichwani. Huyo mvulana amekisikia kitabu hicho kikiitikiwa na darasa zima mara ngapi? Atakosaje kukikariri?

Anza na sauti. Mtoto aliyezoeshwa kuita herufi "me" na "a" akikutana na neno mama atakwambia "me-a-me-a", kisha atakutazama usoni akisubiri umwokoe. Kiswahili kimetuhurumia: irabu ni tano, kila moja hutamkwa vilevile popote ilipo, na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto akishaelewa jinsi b inavyoungana na a, konsonanti inayofuata haimchukui siku nyingi. Ila usiwaimbishe ba, be, bi, bo, bu kwa mpangilio huo kila asubuhi, maana wimbo nao hukaririwa. Mwonyeshe bo, kisha bi, kisha bu, umwone anavyohangaika. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Kuhusu kupima, andaa karatasi moja yenye herufi zilizochanganywa, silabi, maneno yasiyo na maana kama mepu, tudi na sofe, na mwishoni hadithi fupi ambayo hawajawahi kuiona, pamoja na maswali yake. Hayo maneno yasiyo na maana ndiyo mtego wako, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyasikia mahali popote. Ita watoto 6 kwa siku mezani kwako wakati wengine wananakili ubaoni, dakika moja kwa kila sehemu, saa ya mkononi inatosha. Kwa siku 20 za masomo utakuwa umewamaliza wote. Asiyepata hata moja kati ya herufi 10 za mwanzo msimamishe hapo hapo kwa upole. Umeshajua anapohitaji kuanzia, na hakuna sababu ya kumtesa na hadithi.

Mpimaji
Shikamoo mwalimu Chaki. Ninaunga mkono, nikiongeza tahadhari chache, kwa sababu nimeshiriki upimaji wa aina hii. Mtoto akimaliza maneno 20 sahihi kwa sekunde 40, kasi yake ni maneno 30 kwa dakika, usimwandikie 20. Vilevile usichukue viwango vya kasi vya Kiingereza na kuvibandika hapa: neno letu moja, hawatakupikia, limebeba mtendaji, wakati, ukanushi na mtendewa, na mtoto analisoma silabi kwa silabi. Anayesema "lafiki" kwa sababu ndivyo wanavyotamka kwao hajakosea kusoma rafiki, usimkate alama. Na mtoto anayesoma hadithi kwa kasi lakini hawezi kukwambia nani alikwenda sokoni bado ana kazi kubwa mbele yake, hata kama mgeni akiingia darasani atampigia makofi.

Mama Wawili
Naomba niseme kama mzazi. Binti yangu alikuwa akinisomea vibao vya daladala kila asubuhi, Mbagala, Gongo la Mboto, Mwenge, nami nikijisifu kwa majirani. Siku moja nikamwandikia Mbagala na Mbezi kwa kalamu nyeusi kwenye bahasha, akashindwa kabisa kuzitofautisha. Kumbe alikuwa anasoma rangi ya mstari ubavuni mwa gari! Sisi wazazi tunahitaji kuambiwa mapema, kwenye kikao, kwamba mwalimu anafundisha sauti, la sivyo jioni tunamfundisha "a, be, che, de" na mtoto anabaki katikati.

Mkazi wa Kigamboni
Sikubaliani sana na vita hivi dhidi ya kukariri. Mtoto anayekijua kitabu kwa moyo anakipenda, na upendo huo ni mtaji. Mwalimu, mwache akariri, ila baadaye zikate sentensi zile zile kwa mkasi, neno moja moja, uzichanganye, umtake azipange upya.

Mwalimu wa Temeke
Asanteni sana, na shikamoo mwalimu wangu Chaki. Leo nimeanza na watoto 6. Wanne walisoma hadithi ya kitabuni vizuri; kwenye mepu na tudi akabaki mmoja tu, tena ni msichana anayekaa nyuma, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti darasani. Yule mvulana alipata herufi nyingi, akakwama kwenye silabi, hivyo nimemweka kwenye kundi la kuunganisha sauti, na mkasi wa ndugu wa Kigamboni nitautumia kwa kundi hilo. Kikao cha wazazi ni wiki ijayo, nitalisema suala la majina ya herufi. Limebaki swali moja: wote sita walisoma ng'ombe kama "ngombe", yaani ng ya ngoma. Je, nilifundishe ng' sasa, au nisubiri hadi washike mb na nd?

Chaki Nyeupe
Marahaba mwanangu. Subiri. Washike mb, nd na ng kwanza, ndipo uwaletee ng' peke yake, na uwaonyeshe hicho kialama kwa kidole. Huyo msichana wa nyuma mhamishie mbele kesho.