Kikundi cha Maigizo ya Mashahidi wa Uganda – Nyegezi, Mwanza

Katibu: Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Zimebaki siku 9 tu kufika Juni 3, sikukuu ya mashahidi wetu. Leo tumekwenda vizuri hadi onyesho la nne, hapo tukakwama. Tuyamalize humu, kesho tusipoteze muda uwanjani.

Mwalimu wa Kwaya: Milele na milele, amina. Kwaya iko tayari. Sauti ya tatu wanakimbia kidogo, nimeshaongea nao.

Mukajanga: Jamani, aliyekwamisha ni mimi. Nikifika pale pa kumpiga Mbaga rungu la shingo, mkono unakataa. Wimbo unaisha, mimi bado nimesimama.

Dada Mavazi: Kaka, ni maigizo. Piga tu, rungu lenyewe ni la sponji.

Mukajanga: Najua dada. Lakini yule kijana ananiangalia usoni.

Katekista: Poleni na mazoezi wanangu.

Mukajanga: Shikamoo katekista.

Katekista: Marahaba. Usigombane na huo mkono. Mbaga Tuzinde alilelewa nyumbani kwa Mukajanga. Mzee yule alikuwa mkuu wa wauaji waliotumwa na kabaka, mfalme wa Buganda, na siku ile kijana wake yumo kwenye orodha ya kuuawa. Alimbembeleza aikane imani, mtoto akakataa. Ndiyo sababu Mbaga alipigwa shingoni kwanza, mwili ndipo ukawekwa motoni. Baba alikuwa anampunguzia mtoto maumivu.

Mukajanga: Hilo sikuwa nalijua 😢

Katekista: Basi simama hivyohivyo. Mwalimu, wimbo umsubiri yeye, yeye asiusubiri wimbo.

Mwalimu wa Kwaya: Sawa kabisa. Nitaacha ngoma moja tu, taratibu, mpaka ashushe mkono. Kwaya iingie baadaye.

Mama Kulwa: Samahani niingilie. Kulwa amerudi na michubuko shingoni, matete ya ule mkeka anaoviringishiwa kabla ya moto yanakata. Nimeshona shuka kuukuu kwa ndani, upande wa kichwani. Nilimwambia nimwombee nafasi nyingine, amekataa katakata. Anasema nafasi ya Kizito ni yake.

Katekista: Mungu ambariki. Kizito naye alikuwa na miaka kama 14 hivi. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alimbatiza usiku, kule Munyonyo, kulipokucha wakahukumiwa kufa. Hakikisheni ubatizo ule unaonekana vizuri, msiukimbize. Maji yamwagike kweli.

Dada Mavazi: Maji yapo, kibuyu nimeazima. Moto tunatumia vitenge vyekundu na vya njano, feni mbili kwa chini. Nimejaribu leo, vinapanda mpaka kiunoni.

Kabaka: Na mimi nina langu. Kila zoezi naambiwa nifoke. Nafoka mwanzo mpaka mwisho. Hivi Kabaka Mwanga alikuwa mtu wa kufoka tu?

Katibu: Watu wanataka kumwona katili bwana.

Katekista: Alitenda ukatili, hilo tusilifiche. Ila mwaka 1888 alipopinduliwa alivuka ziwa akaja huku kwetu, na waliompa hifadhi ni mapadre wa Bukumbi. Bukumbi hii hii. Mapadre wa shirika lilelile lililowafundisha vijana aliowachoma.

Kabaka: Wakampokea???

Katekista: Wakampokea.

Mama Kulwa: Mimi nimezaliwa Misungwi, huko huko Bukumbi iliko, na hili sijawahi kuliona kwenye igizo hata moja.

Kabaka: Tuliweke mwisho. Naomba sana.

Katibu: Tumepewa dakika 50 tu baada ya misa ya pili.

Mwalimu wa Kwaya: Halihitaji maneno. Makasia mawili, Kabaka amekaa ndani ya mtumbwi bila kilemba, padre anamnyooshea mkono. Kwaya wanavumisha midomo imefungwa. Dakika 2.

Katekista: Kabla ya hapo msomeni majina yote 22. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu nilikuwa mtoto, baba yangu aliyasoma yote mezani. Tena Waanglikana walikufa nao moto uleule. Kwaya yao hapo jirani ialikwe, wakae mbele.

Katibu: Nitapeleka barua kesho asubuhi.

Dada Mavazi: Mtumbwi tutoe wapi sasa?

Mukajanga: Shemeji yangu ni mvuvi, anao wa zamani hauingii tena majini. Nitauleta na toroli.

Mukajanga: Mama Kulwa, yule anayeigiza Mbaga si anakaa jirani yako? Mwambie kesho aje saa kumi. Nataka tukae tule naye mihogo kwanza, kabla ya mazoezi.

Mama Kulwa: Nitamwambia, baba. Mihogo nitakaanga mimi.