Naomba ushauri: filamu za vita kuhusu askari watoro

Wakuu, habari zenu. Nimechoka na filamu za vita ambazo shujaa anamaliza kikosi kizima peke yake halafu anavishwa nishani. Sasa natafuta za yule anayetupa bunduki na kuondoka zake.

Nimeshaona Cold Mountain ya 2003, yule askari wa Kusini anayerudi kwa mpenzi wake kwa miguu wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Nzuri, ila mapenzi yamezidi. Iliyonikaa kichwani ni Der Hauptmann ya 2017: mtoro wa jeshi la Ujerumani, mwaka 1945, anaokota sare ya kapteni, anaivaa, na watu wanaanza kumtii. Mwanzoni unamwonea huruma, baadaye unamwogopa. (Niliisimamisha mara mbili nikavute pumzi.)

Ninazotaka hasa ni zenye kesi ya kijeshi, kama ya Eddie Slovik, Mmarekani aliyepigwa risasi Januari 1945 kwa utoro. Kuna ya televisheni ya 1974 juu yake. Nianze na hiyo, au King and Country ya 1964? Picha zisizo na rangi hazinisumbui. Mwisho tu msinisimulie.