Kocha amweke benchi mkongwe aliyepoteza makali, acheze kijana wa mwaka wa kwanza, wakati gani hasa?

Kocha Msaidizi, South B

Habari zenu, wadau wa kikapu. Ninasaidia kufundisha timu ya wanaume ya chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na nimeleta jambo ambalo mimi na kocha mkuu tumeshindwa kuafikiana kwa wiki tatu sasa. Nahodha wetu ni gadi, yaani yule anayeleta mpira mbele na kupanga mashambulizi, yuko mwaka wa nne, na msimu huu umemwendea vibaya. Katika mechi ya mwisho alirusha mara kumi na moja, zikaingia mbili, na mpira ulimponyoka mara tano alipobanwa akivuka mstari wa kati. Nyuma yake kuna kijana wa mwaka wa kwanza aliyejiunga nasi Septemba, mwepesi wa miguu, asiyemwogopa mtu, na mazoezini humsumbua nahodha kiasi kwamba wenzao husimama pembeni kutazama.

Kocha mkuu anashikilia kwamba nahodha ametubeba miaka mitatu, na kwamba hawezi kuacha mbachao kwa msala upitao. Mimi naona tunapoteza mechi na huku tunamkatisha tamaa kijana. Lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa nikikiona nitasema sasa imetosha, sina jibu ninaloweza kulitetea mbele ya mkubwa wangu. Naomba msiniambie kwamba anayecheza vizuri ndiye acheze, kwani hilo hata mpita njia analijua. Nataka kujua nitazame nini.

Mpenzi wa Ligi za Vyuo, Ngara

Kocha, nianze na hiyo mbili kwa kumi na moja, kwa sababu nadhani ndiyo inayokupoteza. Katika fainali ya vyuo vya Marekani ya mwaka 2012, Kentucky wakicheza na Kansas, Anthony Davis, ambaye alikuwa mwaka wa kwanza, alirusha mara 10 akafunga mara 1. Usiku mzima alipata pointi 6. Hata hivyo alidaka rebaundi 16, yaani mipira iliyokosa kikapu, akazuia mitupo 6, na Kentucky walipomaliza kwa ushindi wa 67 kwa 59, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho. Kama kocha wa Kentucky, John Calipari, angekuwa anahesabu mipira inayoingia na kusahau mengine, angemketisha kabla ya mapumziko, na huenda kombe lingeenda Kansas.

Mtupo huja na kuondoka kama homa. Usichoweza kukisubiri ni yale mambo ambayo mchezaji hufanya kwa hiari yake. Mtazame nahodha wako katika sekunde tano zinazofuata baada ya kukosa: je, anageuka na kukimbia kurudi kulinda, au anabaki ameinamisha kichwa akivuta kaptula? Je, bado anawapigia wenzake kelele kwamba kuna mpinzani anakuja kuwazibia njia upande wa kushoto, au amenyamaza? Gadi anayekosa lakini anarudi na anasema, mimi ningemwacha uwanjani hata akikosa mara kumi na tano. Aliyeacha kurudi ningemtoa hata kama jana alifunga pointi ishirini. Na hapo nikuambie ukweli, mipira mitano iliyomponyoka inanitisha kuliko mitupo tisa iliyokosa, kwa sababu mtupo uliokosa bado senta wako, yule mrefu wa chini ya kikapu, anaweza kuudaka, ilhali mpira ulionyang'anywa katikati ya uwanja ni kikapu cha bure cha wapinzani.

Kuhusu haraka ya kuwapa vijana nafasi, watu hupenda kutaja Michigan ya 1992, wakati vijana watano wa mwaka wa kwanza, akina Chris Webber, Jalen Rose na Juwan Howard, walipofika fainali. Wanachosahau ni kwamba kocha wao, Steve Fisher, hakuwaanzisha wote watano siku ya kwanza. Msimu ulifunguliwa mwaka 1991 ungali haujaisha, naye akawa anawaingiza kidogo kidogo, na mpaka tarehe 9 Februari 1992 dhidi ya Notre Dame ndipo wote walipoanza pamoja. Siku hiyo pointi zote za Michigan zilitoka mikononi mwao. Katika fainali walifungwa na Duke 71 kwa 51, na Duke hao walikuwa na Christian Laettner wa mwaka wa nne na Bobby Hurley wa mwaka wa tatu.

Jambo la mwisho: usimsikilize sana anayekuambia tuige Kentucky kwa kuwatanguliza vijana wa mwaka wa kwanza. Tangu mwaka 2006, Mmarekani haruhusiwi kuingia NBA, ligi yao ya kulipwa, kabla ya kutimiza miaka 19 na kupitisha mwaka mmoja tangu darasa lake lilipomaliza sekondari, kwa hiyo kocha wa kule anajua kwamba kijana hodari atamuaga mwisho wa msimu. Lazima amtumie sasa au asimtumie kabisa. Wewe kijana wako utakuwa naye mpaka avae joho.

Gadi Mstaafu, Umoja

Kaka, mimi ndimi niliyekuwa huyo nahodha, na chuo chenyewe sitakitaja.

Nilikuwa mwaka wa nne na nilikuwa kwenye mafunzo ya kazini huko Athi River. Nilikuwa natoka saa kumi na moja jioni, napanda matatu, tunakwama Mombasa Road, na nikifika mazoezini wenzangu wanakuwa wameshapasha misuli moto na kumaliza. Nilikuwa naingia uwanjani na miguu ya mtu aliyesimama kutwa nzima, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Hakuna aliyeniuliza, nami kwa kiburi changu sikusema. Ikafika Ijumaa moja usiku, orodha ya kesho yake ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp, nikajiona ni wa saba. Nilijua pamoja na kila mtu mwingine, akiwemo yule mdogo aliyechukua nafasi yangu, ambaye masikini alinipigia simu saa tano usiku kuniomba radhi kwa kosa lisilo lake.

Kesho yake nilikaa benchi uwanja wa Nyayo nikiwa na taulo shingoni. Katika robo ya kwanza kijana alipoteza mpira mara mbili, na moyoni nilifurahi. Siyo jambo la kujivunia, lakini nakuambia ili ujue ni nini unakipanda unapomwondoa nahodha bila kumtazama machoni. Mtu aliyeongoza timu miaka mitatu anaweza kukaa benchi na akawa mwalimu wa yule aliyemrithi, na anaweza pia kukaa benchi akiomba yule mwingine aanguke. Kinachotofautisha hayo mawili ni mazungumzo ya dakika kumi kabla ya orodha kutoka.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta ni lini, tafuta kwa nini. Gadi hasahau kudunda mpira kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Muulize kuhusu kifundo cha mguu, kuhusu mradi wake wa mwisho, kuhusu nyumbani. Ukikuta ni uchovu, kumpunguzia dakika si adhabu, ni dawa, na atakushukuru.

Na wewe wa Ngara, nimekusoma, ila mtupo haurudi wenyewe kama kocha anageuka kukuangalia kila unapokosa.

Refa wa Jumamosi

Nitasema moja tu. Vijana wanaotoka sekondari hulinda kwa mikono badala ya miguu. Nimewapulizia wengi filimbi, na wengi hunitazama kwa mshangao wa kweli, kwa maana kule walikotoka hakuna aliyewapulizia. Mchezaji anatolewa kwa faulo tano, na timu ikifikisha faulo ya tano katika robo, wapinzani wanaenda kwenye mstari wa mitupo huru. Kijana mmoja mwenye mikono mirefu anaweza kuimaliza hesabu ya timu nzima katika dakika tatu. Kabla hujampa nafasi, weka mtu apulize filimbi mazoezini kwa ukali wa mechi, halafu uhesabu.

Mwalimu wa Michezo, Kayole

Kocha, hao vijana ndio ninaowalea mimi kabla hamjawachukua, kwa hiyo niruhusu niseme kama mzazi wao wa mazoezi.

Kwanza, usidanganywe na anavyomsumbua nahodha mazoezini. Anacheza naye siku nne kwa wiki. Ameshajua kwamba nahodha akitaka kwenda kulia hushusha bega kwanza, na ameshajua ni baada ya kudunda mara ngapi atarusha. Huenda hajawa bora kumshinda, amemsoma tu. Mbadilishie mpinzani: mwache abanwe na watu wawili kwa pamoja, au omba mechi ya kirafiki na timu isiyomjua, kisha uone kama bado anavuka mstari wa kati bila kutetemeka.

Pili, kumbuka anatoka wapi. Wengi wa wanafunzi wangu wamejifunza kwenye uwanja wa saruji, jua likiwaka, mvua ikinyesha tunaingia darasani. Siku ya kwanza kwenye sakafu ya mbao mpira unadunda tofauti, sauti zinarudi kutoka ukutani, na viatu vilivyoliwa na saruji vinateleza. Nilimpeleka mmoja Nyayo kutazama mechi ya ligi kabla hajajiunga na chuo, na kitu cha kwanza alichoniuliza si mbinu, aliniuliza kwa nini wale watu wanafuta soli za viatu kila mara.

Tatu, na hapa ndipo ninapotofautiana na wote mlioandika juu, mnazungumza kana kwamba mechi zote ni sawa. Timu za vyuo vyetu zinazocheza ligi kuu hukutana na Ulinzi Warriors, ambao ni wanajeshi, na watu wa bandari wa KPA, yaani wanaume waliokomaa ambao mwili wao ni sehemu ya kazi. Kule Marekani kijana wa mwaka wa kwanza anagongana na wanafunzi wenzake. Hapa mtoto wa miaka kumi na minane anasukumwa na mtu wa miaka thelathini. Vilevile kule timu ya wanaume ina sekunde 30 za kurusha na sekunde 10 za kuvuka nusu ya uwanja, lakini sisi kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tuna 24 na 8. Gadi mchanga anayehitaji kufikiri hana huo muda. Mimi ningempa dakika nyingi katika michezo baina ya vyuo, na katika ligi ningemwingiza robo ya pili, wakati kosa lake bado linaweza kufidiwa.

Na nani anaanza si suala kubwa kama mnavyolifanya. Nahodha wako aitwe jina lake mwanzoni, apeane mikono na refa, heshima yake ibaki. Swali zito ni nani anashika mpira dakika tano za mwisho, na hilo kijana atalijibu mwenyewe ukimpa hizo robo za pili.

Kocha Msaidizi, South B

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu na kaka wa Umoja. Nimerudia daftari langu jana usiku na nimeona aibu kidogo. Kati ya mipira mitano iliyomponyoka nahodha, minne ilitokea robo ya nne. Asubuhi nilimwita tukanywa chai, nikamuuliza, na akanieleza kwamba tangu mwezi uliopita anafanya kazi ya usiku mara tatu kwa wiki ili amalizie karo. Kocha mkuu alikuwa hajui, na mimi niliyekuwa najifanya mtetezi wa haki nilikuwa sijui pia. Kuhusu kurudi kulinda, ni kweli anarudi, na bado anazungumza.

Kuna jambo moja lililotoka kwake mwenyewe ambalo sikulitarajia. Alisema, "Kocha, mwache mdogo alete mpira, mimi nikae pembeni nirushe nikiwa nimesimama." Yaani wacheze wote wawili. Kocha mkuu amekubali tulijaribu Jumamosi kuanzia robo ya pili. Ninachouliza sasa ni namna ya kumweka kijana tayari, kwa sababu akicheza dakika sita leo na sifuri wiki ijayo atapoa.

Mpenzi wa Ligi za Vyuo, Ngara

Hapo umenifurahisha. Mwaka 2015 Duke walikuwa na vijana watatu wa mwaka wa kwanza ambao kila mtu aliwajua, na wa nne, Grayson Allen, ambaye hakuwa akifikisha wastani wa pointi tano kwa mechi. Katika fainali dhidi ya Wisconsin, Duke wakiwa nyuma kwa pointi tisa kipindi cha pili, kocha wao, Mike Krzyzewski, alimtegemea huyo. Alimaliza na pointi 16, na Duke wakashinda 68 kwa 63. Mtu hawezi kufanya hivyo kama miezi mitano iliyotangulia alikuwa anapanga chupa za maji. Mpe kazi mazoezini inayofanana kabisa na utakayompa kwenye mechi, acheze pamoja na kikosi kinachoanza japo kwa robo saa kila siku, na umwambie mapema ataingia dakika ya ngapi. Kisha umwingize dakika hiyo hata kama mnaongoza.

Gadi Mstaafu, Umoja

Na benchi akae karibu na nahodha, si mwisho kule na mizigo. Mambo mengi niliyoyajua kuhusu magadi wa ligi sikumwambia mtu, kwa sababu aliyeyahitaji alikuwa amekaa viti sita mbali nami.

Mwalimu wa Michezo, Kayole

Mwambie Jumamosi aje na kitambaa kibichi cha kufutia soli. Cha nahodha asikiazime, kitakuwa kinatumika.