Mrejesho: ule mchezo wetu wa kuigiza wa dakika 10

Wakuu, niliwauliza tukate nini, maana mchezo wetu ulikuwa unakwenda dakika 14 na shindano linaruhusu 10 tu, ukizidisha unaondolewa. Wengi mlisema onyesho la kwanza lote liende. Mwandishi wetu alinuna (bado kanuna kidogo), ila tulilifuta. Sasa taa zinawaka ndugu wawili tayari wanagombania barua ya baba yao, na watazamaji wanajijazia wenyewe yaliyotangulia. Hakuna aliyeuliza hao ni kina nani.

Ushauri wa kuongea haraka haraka sikuufuata. Mchezo ukikimbizwa, vituo vya kimya ndivyo vinavyokufa kwanza, na vichekesho navyo. Badala yake tuliondoa kuzima taa katikati, kwa sababu kila giza lilikula sekunde nyingi watu wakihamisha meza. Tukabaki na meza moja na viti viwili, basi.

Aliyesema tuache dakika nzima ya akiba kwa ajili ya vicheko, asante sana! Mazoezini tulikuwa tunamaliza kwa dakika 9. Usiku wenyewe ukumbi ukacheka hata pale ambapo hatukutegemea, waigizaji wakasubiri, na tulimaliza tukiwa tumebakiwa na sekunde chache tu.

Matokeo: nafasi ya pili, na aliyecheza dada mdogo kapata tuzo ya uigizaji. Majaji walisema mwisho ulikuja ghafla mno. Mimi sikubaliani nao, mwandishi anawaunga mkono, kwa hiyo ugomvi kwetu unaendelea.