Friji ya trela haiwaki kwenye gesi: nitengeneze, ninunue nyingine ya gesi, au nihamie ya betri?

Mwanamuheza (Minnesota)

Wakuu, heshima kwenu. Tumenunua trela ya kulala, iliyokwishatumika, ina friji ya umeme wa volti 120 na gesi. Kwenye umeme haina neno: maji yanaganda, nyama inakaa. Nikiigeuza kwenye gesi nasikia cheche zikipiga ta-ta-ta huko nyuma, baada ya muda zinanyamaza, kisha taa nyekundu inawaka. Jiko la humo humo ndani, mtungi ule ule, linawaka kama kawaida.

Mwezi wa saba tunakwenda milima ya Colorado na tutalala sehemu zisizo na umeme. Tutakuwa na mama mkwe, anatumia insulini, kwa hiyo hapa sizungumzii soda baridi. Karakana niliyoipelekea imesema friji nzima ibadilishwe. Mimi naona njia tatu: kutengeneza hii hii, kununua mpya ya gesi, au kuing'oa kabisa niweke ya kompresa (pampu ya kupozea, kama friji za nyumbani) ya volti 12, halafu niongeze betri na sola. Aliyezipitia anishauri, na kama ni kutengeneza, nianzie wapi.

FundiBaridi (Ohio)

Mkuu, usinunue kitu bado. Ushahidi kwamba friji hiyo haijafa umeuandika mwenyewe: kwenye umeme inagandisha.

Friji za aina hii hazina kompresa. Mgongoni kuna mabomba ya chuma yaliyochomelewa yakafungwa moja kwa moja, na ndani yake mna amonia, maji na hidrojeni. Kinachoyazungusha yote hayo ni joto tu. Kwenye umeme joto linatoka kwenye hita ndogo. Kwenye gesi linatoka kwenye moto mdogo unaochoma bomba lile lile. Mabomba yangekuwa yametoboka, isingepoa kwa umeme wala kwa gesi, na mgongoni ungeona unga wa njano au ungepigwa na harufu kali ya amonia. Hapo ningekubaliana na hao wa karakana. Kwako kinachokosekana ni moto peke yake, na ili moto ukae lazima gesi ifike, cheche iruke, na bodi ya kuongozea itambue kwamba umewaka.

Anza na visivyo na gharama. Funga koki ya mtungi, kisha ifungue polepole sana. Mitungi ya siku hizi huku Marekani ina kizuizi kinachobana gesi ukifungua kwa pupa, kwa sababu kinadhani bomba limekatika. Washa jiko liache liwake dakika chache ili hewa itoke kwenye bomba. Bomba la friji ni refu na jembamba, na trela ikilala kipindi chote cha baridi hujaa hewa; rudia kuwasha friji mara tatu nne kabla ya kukata tamaa. Pima na betri. Watu husahau kwamba hata kwenye gesi bodi na koki ya umeme inayoruhusu gesi vinaishi kwa volti 12. Betri ikishuka karibu na volti 10, unaweza kusikia cheche na gesi isipite.

Ikishindikana, toa kile kifuniko chenye matundu nje ya trela, mtu mwingine aiwashe ndani, wewe angalia na usikilize. Cheche zinapiga lakini hakuna moto hata kidogo? Gesi haifiki, au inafika kidogo. Moto unawaka sekunde kadhaa kisha unazimika? Hilo ni jambo jingine kabisa, tutalizungumza. Turudishie jibu.

MamaNakuru_Denver (Colorado)

Karibu kwetu, ndugu, lakini kuna kitu lazima ukijue kabla ya kufika. Watengenezaji wa hizi friji huandika kwenye vitabu vyao kwamba ukipita futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 1,700, kwenye gesi friji inaweza kupoa vibaya au moto kuzimika wenyewe. Hewa ni nyepesi, moto unakosa pumzi. Denver tuko futi 5,280, na ukianza tu kupanda mlima umeshapita. Leadville iko juu ya futi 10,000. Si kwamba zinakataa zote, nimeona zinazowaka vizuri huko juu, lakini huwezi kuweka dawa ya mzazi kwa kubahatisha.

Sisi tuliitoa ya gesi tukaweka ya kompresa, na singerudi nyuma. Inakuwa baridi kwa saa chache, wakati ile ya gesi nilikuwa naiwasha jana yake. Trela ikiinama kidogo haijali. Nafasi ya ndani ni kubwa zaidi kwenye tundu lile lile.

Gharama yake iko kwenye stima. Ya ukubwa wa kawaida inavuta kama ampea 5 ikiwa inafanya kazi, na wakati wa joto inafanya kazi karibu nusu ya siku. Hizo ni kama ampea-saa 60 kwa siku. Betri ya lithiamu ya 100 itakupeleka siku moja na nusu, na hapo hujawasha taa, pampu ya maji, wala feni ya hita usiku. Paneli za wati 200 zinarudisha zote jua likiwa zuri, lakini ukiegesha chini ya misonobari, ambapo kila mtu anataka kuegesha, hupati hata nusu.

FundiBaridi (Ohio)

Dada, hesabu yako nakubaliana nayo. Upande wa gesi nao ni huu: moto wa friji ya ukubwa huo unakula BTU (kipimo cha joto) kama 1,500 kwa saa, na mtungi wa kilo 9 una BTU kama 430,000. Hata uwake bila kupumzika unakaribia siku 12 kwa mtungi mmoja, bila paneli, kivulini. Kwa anayekaa porini wiki nzima, hiyo ndiyo nguvu ya gesi.

Ila kuhusu njia ya pili, friji mpya ya gesi, sioni sababu. Ni zaidi ya dola elfu moja kununua kitu kile kile chenye udhaifu ule ule wa mlimani, wakati cha zamani kinapoa. Ningeifikiria tu kama mabomba yangekuwa yametoboka.

MzeeZahanati (Dodoma)

Nawasalimu vijana. Nimestaafu, kazi yangu ilikuwa kuhudumia friji za chanjo kwenye zahanati za vijijini, zile za gesi na kabla yake za mafuta ya taa. Kanuni ni ile ile ya trela yenu.

Nisemee moto. Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, unavuma kwa sauti ndogo. Ukiwa wa njano na unacheza, hewa haichanganyiki na gesi sawasawa: kichomeo kichafu, au bomba la moshi limejaa masizi. Moto wa namna hiyo unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na joto halipandi vya kutosha, kwa hiyo friji inakula gesi na haipoi. Ndani ya bomba la moshi kunaning'inia kipande cha chuma kilichosokotwa. Masizi na kutu huanguka kutoka juu yakatua juu ya kichomeo. Fundi asiyekitoa hicho chuma akasafisha bomba lote, atarudi wiki ijayo.

Jeti, kile kitundu cha gesi, ni kidogo kuliko unavyodhani. Ukikielekeza kwenye mwanga unaona nukta tu. Usiingize sindano wala waya, utakipanua na moto hautakuwa bluu tena. Loweka kwenye spiriti, puliza kwa hewa safi, acha ikauke yenyewe. Na friji isimame wima. Sisi tulitumia pima maji kila tulipoifunga. Ile amonia inarudi chini kwa uzito wake, haisukumwi na kitu. Friji ikiinama na moto unawaka, kimiminika kinatuama, chombo cha chini kinaungua na dawa ya kuzuia kutu iliyomo inaganda na kuziba njia. Hapo haitengenezeki tena.

Kuhusu insulini: isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, kama chanjo nyingi, na ikiganda imeharibika hata kama ukiiyeyusha inaonekana safi. Kwenye friji za gesi sehemu hatari ni karibu na yale mapezi ya alumini ukutani, hapo hugandisha. Weka kipimajoto ndani, kisome asubuhi na jioni. Sisi tuliandika kwenye karatasi mlangoni. Kwa ushauri wa dawa, napendelea sola na kompresa kuliko moto. Hata kwenye chanjo dunia imehamia friji za sola kwa sababu mafuta na gesi vilikuwa vikiisha na kuziacha chanjo joto.

DerevaNdarakwai (Arusha)

Shikamoo mzee. Nakubaliana. Sisi wa safari tunabeba boksi la baridi la kompresa nyuma ya Land Cruiser, linakula betri ya pili, injini ikiwaka inalichaji. Moto wa gesi kwenye barabara ya makorongo hauwezi kukaa, mtikisiko unauzima, na kuingia kituo cha mafuta na moto unawaka nyuma ni kujitafutia ajali. Mkuu wa Minnesota, hata ukitengeneza hiyo friji, izime gesi kabla ya kuingia kujaza mafuta.

Mwanamuheza (Minnesota)

Asanteni sana, na shikamoo mzee. Nimefungua nyuma. Betri volti 12.6, kwa hiyo siyo hiyo. Nilifunga koki, nikakata na umeme, nikatoa kichomeo. Ndani ya kile kibomba chenye mianya ya kutolea moto kulikuwa na utando wa buibui uliobana kama pamba, na vumbi la kutu juu yake. Nimesafisha kwa brashi laini, jeti nimeiloweka kwenye spiriti kama mzee alivyosema, chuma kilichosokotwa nimekitoa, bomba limepigwa brashi.

Sasa inawaka, moto bluu. Lakini baada ya sekunde kadhaa unazima, cheche zinaanza upya, unawaka, unazima. Je, hapo bodi imekufa? Wanasema bodi ni zaidi ya dola mia.

FundiBaridi (Ohio)

Buibui huwa wanaingia humo sana, ndiyo maana husafishwa kila mwaka hata kama inawaka.

Usikimbilie bodi. Inawaka na kuzima maana yake gesi ipo, cheche ipo, ila bodi haioni moto, kwa hiyo inafunga gesi kwa usalama. Kwenye friji za bodi, ile ncha inayotoa cheche ndiyo pia inayohisi moto. Angalia vitu hivi: ncha iwe ndani ya moto, umbali wa milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kichomeo, maana ulipokirudisha huenda imesogea. Isugue kwa msasa mwembamba, masizi yakiifunika haihisi. Tazama ile kauri nyeupe inayoishika, ikiwa na ufa hata mwembamba kama unywele, badilisha. Ni kifaa cha bei ndogo. Mwisho, waya wa arthi kutoka kwenye kichomeo na bodi: fungua, kwangua kutu, kaza. Friji za zamani zisizo na bodi zina themokapo (kihisio cha joto la moto) badala yake, na dalili ni hiyo hiyo ukiachia kitufe cha kuwashia.

Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo ulichofungua. Likitoa mapovu, funga gesi. Kisha mtafute fundi mwenye geji apime presha ikiwa jiko linawaka pamoja na friji. Inatakiwa inchi 11 za maji (kipimo cha presha ya gesi), yaani kama milibari 27. Regyuleta (kifaa kinachopunguza presha ya gesi ya mtungi) iliyochoka inaweza kuwasha jiko vizuri na kuinyima friji.

Mwanamuheza (Minnesota)

Ilikuwa arthi. Kichwa cha waya kilikuwa cha kijani kwa kutu. Nimekwangua, nimekaza, povu halikuonyesha mvujo. Imewaka usiku kucha, trela imewekwa wima kwa pima maji, na asubuhi kipimajoto kimesoma nyuzi 4 katikati ya rafu. Presha fundi ataipima Jumamosi.

Uamuzi wangu: friji kubwa inabaki ya gesi, ishike chakula. Hela ya friji mpya nimeokoa, sehemu yake inanunua boksi dogo la kompresa la volti 12 na paneli moja ya kukunja, kwa ajili ya insulini tu. MamaNakuru, huko juu ya futi 10,000, boksi dogo kama hilo linahitaji betri yake peke yake au naweza kuliunga kwenye ya trela?

MamaNakuru_Denver (Colorado)

Lipe betri yake. Usiku wa milimani ni baridi hata mwezi wa saba, feni ya hita itainyonya ya trela mpaka alfajiri, na ikishuka sana boksi na bodi ya friji vinazima kwa pamoja. Boksi la ukubwa wa insulini halimalizi betri ya 50 kwa usiku mmoja. Mwanzoni liseti nyuzi 5, mengine hushuka chini ya ulichoandika. Mkifika semeni, tutawaonyesha maeneo yenye jua.