Naomba ushauri: muwasho kwenye njia ya mkojo hauishi hata baada ya dozi

Ndugu zangu, habari za majukumu. Baada ya kujamiiana bila kondomu nilianza kutokwa na usaha uumeni na kusikia maumivu makali wakati wa kukojoa, nikaenda zahanati, nikachomwa sindano ya seftriaksoni na kupewa doksisaiklini ya miligramu 100, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 7, nikaimaliza yote. Usaha ulikauka, lakini kwenye tundu la mkojo umebaki muwasho, hasa asubuhi, na korodani moja inavuta nikikaa muda mrefu. Kipimo cha mkojo hakikuonyesha kitu. Cha VVU ni hasi, nami nitakirudia miezi 3 ikitimia. Mwenzangu hajatibiwa, ingawa tangu hapo hatujakutana kimwili. Muuza dawa wa mtaani ananisukumia antibiotiki ya azithromaisini bila kupima, jambo nisilolipenda, maana usugu wa dawa huanzia hapo hapo. Je, yaweza kuwa trikomonasi (ugonjwa wa zinaa unaoletwa na kimelea), ambayo dawa nilizotumia haziitibu bali huhitaji metronidazoli, au ni maikoplazma (aina ya bakteria wa zinaa)? Nikifika hospitali ya rufaa niombe kipimo gani, na je, nimwone moja kwa moja daktari bingwa wa mfumo wa mkojo?