Mikeka ya Cheltenham iliyochanika leo: tupeane uzoefu wakuu

Msukaji wa Leicester (Jumanne, 11 Machi 2025)
Wakuu habari za jioni. Siku ya kwanza ya Cheltenham, tamasha la mbio za farasi huku Uingereza, imeisha na mimi nimekaa kantini ya ghala naangalia simu kama mtu aliyepokea taarifa ya msiba.

Nilisuka mkeka wa farasi watatu tu. Kopek Des Bordes mbio za kwanza, Lossiemouth mbio za majike, halafu Constitution Hill kwenye Champion Hurdle, ile mbio kubwa ya kuruka viunzi. Dau pauni 20, ukitiki inarudi themanini na kitu, wote fevariti, yaani wanaotegemewa kushinda, bei zao kiduchu. Farasi mwingine, Majborough, nilimruka makusudi maana sikumwamini, na kweli akaboronga kuruka kule mwishoni akaishia wa tatu, basi mezani nikawa natamba kama mwenye zizi.

Kopek katiki, Lossiemouth katiki. Saa kumi kamili farasi 7 wakatoka, Constitution Hill mpaka hapo mbio za viunzi alikuwa hajawahi kupoteza hata moja, mimi hela nimeshaipangia matumizi. Kiunzi cha tano akaenda chini. Nikasema sawa, mkeka umechanika, anachukua State Man bingwa wa mwaka jana, na kweli yuko mbele peke yake, anakuja kiunzi cha mwisho, naye puu! Akapita Golden Ace, jike wa bei ya 25 kwa 1. Kantini kimya, kasoro mama mmoja wa usafi Mghana aliyekuwa ameweka pauni 2, eti jina lina dhahabu na kwao ndiko inakochimbwa. Kaondoka na pauni 52, dau lake humohumo. Mimi nilisoma fomu, yaani rekodi za hao farasi, wiki mbili.

Haya leteni zenu, tusilie peke yetu.

Binti Likoni
Pole kaka. Hii Ramadhani mie nimefunga mpaka hiyo app. Naja kuwasoma tu baada ya futari.

Mzee wa Ngong
Mimi nimeanzia Ngong Racecourse Nairobi, Jumapili na familia, watoto wanakula chipsi mzee anachungulia farasi wakizungushwa kabla ya mbio. Lakini kule ni mbio za kukimbia tu, hakuna kuruka. Farasi akiwa na kasi unajua ana kasi. Nilipokuja huku nikabeti na akili ileile na ikanitoa jasho kweli, kwa sababu huku kuanguka kumo ndani ya bei, farasi anaweza kuwa bora kuliko wote na asimalize. Siku hizi fevariti wa kuruka simuweki kwenye mkeka hata nimpende vipi. Nachukua mmoja wa bei ya kati, dau nalikata nusu ashinde nusu ashike nafasi za juu. Ila angalieni idadi, wakiwa 7 kama leo wanalipa nafasi mbili tu, wakifika 8 ndio tatu. Nimeshawahi kushangilia farasi wa tatu kwenye duka la kubeti mpaka yule dada wa kaunta akanionea huruma.

Nesi Bolton
Yangu si ya kulia. Aprili 2021 nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, mbio za farasi za Grand National zinakimbiwa Aintree bila watazamaji sababu ya korona. Tukakata majina 40 tukatia kwenye kofia, kila mzee pauni moja. Bibi mmoja wa miaka tisini na kitu akaokota Minella Times, akauliza nani anampanda, nikamwambia ni mwanamke, Rachael Blackmore. Akasema basi ninyanyueni nione vizuri. Vizuizi 30 bibi hajapepesa. Alipovuka mstari, mwanamke wa kwanza kushinda mbio zile, bibi akanishika mkono hauachii, zamu yangu imeisha na mimi nimekaa pale. Hela akawanunulia wenzake keki.

Mdau kimya
Mimi nilikula kodi ya nyumba. Nilianza na vile vikalamu vifupi vya dukani, nikahamia kwenye simu, nafukuzia hela iliyopotea mbio za saa nane kwa mbio za saa tisa, na kila siku kuna mbio mahali. Nikajifungia GAMSTOP, ile huduma ya kujizuia kubeti mtandaoni, mwaka mzima, mitandao yote ikanikataa, lakini maduka ya mtaani haiyagusi hivyo nikawa nazunguka barabara ya nyuma nisipite mlangoni. Bado naipita hiyo ya nyuma.

Msukaji wa Leicester
Mkuu asante kwa kusema, na pole sana. Mzee wa Ngong, mbio za Gold Cup za Ijumaa hukohuko Cheltenham unazionaje? Galopin Des Champs anatafuta ya tatu mfululizo.

Mzee wa Ngong
Bora kuliko wote. Ndio maana simgusi.

Msukaji wa Leicester (Ijumaa usiku)
Nimemgusa. Pauni 10. Karuka vyote bila kuanguka, halafu Inothewayurthinkin akampita kama amesimama kituoni anasubiri basi. Mama wa usafi hakubeti, kasema jina refu mno hawezi kulisoma. Grand National ya Aintree ni Aprili 5, nasubiri yeye aseme kwanza.